Baipola au ADHD? Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua Dawa

Miongoni mwa maswali ambayo watumiaji wa dawa hutuletea, lipo moja lisiloweza kujibiwa kwa neno moja. Mtu amesoma orodha ya dalili mtandaoni, akajiona ndani yake kama ajionavyo katika kioo, kisha anauliza: dawa ya ADHD inapatikana wapi, na inauzwa kiasi gani? Hajaonana na daktari. Jina la dawa analijua tayari, na wakati mwingine hata idadi ya miligramu. Anachotaka kwetu ni kuelekezwa duka tu.

Makala hii inamhusu mtu huyo, pamoja na mzazi, mwenzi au ndugu anayeishi naye. Hatukusudii kumfanya msomaji awe tabibu wa nafsi yake. Tunataka kueleza kwa nini magonjwa mawili yanayofanana kwa nje hutibiwa kwa dawa tofauti, na kwa nini dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kumdhuru mwenye ugonjwa mwingine.

Yanapofanana

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Kwa Kiswahili tunaweza kuieleza kuwa ni upungufu wa umakini unaoambatana, kwa wengi, na utukutu na papara zilizopita kiasi. Makadirio yanayotumika sana duniani yanaonyesha kuwa takriban watoto 5 katika kila 100 wanayo, na wengi wao huingia nayo utu uzima.

Baipola ni ugonjwa wa hisia. Mwenye ugonjwa huu hupitia vipindi vya msisimko uliopita kiasi, ambavyo wataalamu huviita mania, na vipindi vya sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu, hamu na matumaini. Katikati ya vipindi hivyo wengi hurejea katika hali yao ya kawaida na kuendelea na kazi zao bila jirani kujua lolote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo.

Chukua sasa dalili zinazosumbua nyumbani na kazini. Mtu anaongea kwa kasi na kuwakatiza wenzake. Anaanza kazi tano bila kumaliza hata moja. Hatulii kitini. Anatumia fedha bila kupima, anakasirika upesi, analala kwa shida. Dalili zote hizo hupatikana katika mania, na zote hupatikana kwa mwenye ADHD. Anayezihesabu siku moja, bila kuuliza zilianza lini, hawezi kuyatenganisha magonjwa haya, hata awe amesoma kiasi gani.

Tuseme kuna kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo. Kwa wiki mbili sasa hakai darasani, hamalizi sentensi, amekopa fedha kwa simu mara kadhaa ili aanzishe biashara tatu kwa mpigo, na usiku wa manane bado anawapigia wenzake simu kuwaeleza mipango yake. Rafiki mmoja anamwambia kuwa hiyo ni ADHD, kwa kuwa naye ameitazama video inayoieleza. Huenda rafiki huyo ana nia njema kabisa. Lakini swali la kwanza la daktari litakuwa jingine: mwaka jana wakati kama huu alikuwaje, na alipokuwa darasa la tatu alikuwaje?

Swali la wakati

Dalili za ADHD hazina msimu. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari vinataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano shuleni na nyumbani. Mtoto anayesumbua darasani pekee, akawa mtulivu kila mahali pengine, huenda tatizo lake liko katika darasa hilo. Mwenye ADHD huwa hivyo Januari na Julai, shuleni, msikitini au kanisani, na mezani kwa bibi yake. Zipo siku nafuu na siku ngumu, lakini hakuna mwezi ambao hali hiyo huondoka kabisa.

Baipola huja kwa vipindi. Ili kipindi kiitwe mania, kwa kawaida dalili hudumu wiki moja au zaidi, karibu siku nzima na karibu kila siku, isipokuwa pale hali inapokuwa nzito hata mtu akalazwa mapema zaidi. Kipindi cha sonona hupimwa kuanzia wiki mbili. Ugonjwa wenyewe mara nyingi huanza katika miaka ya mwisho ya ujana au ya mwanzo ya utu uzima. Ndugu husema, "Huyu siye tuliyemlea." Wa mwenye ADHD husema kinyume chake: "Huyu tangu mtoto yuko hivyo." Kauli hizo mbili, zikisemwa na watu wanaomfahamu mgonjwa vizuri, humsaidia daktari kuliko dodoso refu.

Hisia pia hubadilika kwa mwendo tofauti. Mwenye ADHD anaweza kuchemka kwa hasira kwa sababu amekatizwa jambo alilolipenda, na baada ya nusu saa akawa amesahau. Mabadiliko yake ni ya dakika au saa, na mara nyingi chanzo chake kinaonekana. Katika baipola hali ya hisia hukaa siku na wiki, na huendelea hata pale habari njema au mbaya iliyodhaniwa kuwa chanzo inapokuwa imepita.

Usingizi, makuu na sauti

Tungeruhusiwa kumwachia msomaji swali moja tu la kuliuliza nyumbani, tungechagua la usingizi. Mwenye ADHD mara nyingi huchelewa kulala kwa kuwa mawazo hayatulii, lakini asubuhi huamka amechoka na siku nzima hupiga miayo. Mwenye mania hulala saa mbili au tatu, pengine hata hizo hazipati, na kesho yake husema ana nguvu kuliko jana. Hatafuti usingizi kwa kuwa hauhitaji. Mwili unapoacha kudai usingizi kwa siku kadhaa mfululizo, familia isingoje kuona mwisho wake. Impeleke mgonjwa hospitali.

Lipo pia suala la kujikweza. Papara za ADHD humfanya mtu asahau ada ya mtoto na kununua redio. Mania yaweza kumfanya auze kiwanja kwa sababu ana hakika kwamba ameteuliwa kuongoza taifa. Ikiwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini mambo ambayo hakuna ushahidi unaoweza kumtoa humo, ADHD peke yake haitoshi kueleza hali hiyo. Katika jamii zetu dalili hizi mara nyingi husemwa kuwa ni majini au kurogwa, na familia huenda kwanza kwa mganga au kwa viongozi wa dini. Hatuandiki makala hii kushindana na imani ya mtu. Tunachoomba ni kwamba safari ya hospitali isiahirishwe kwa ajili ya safari nyingine, na kwamba daktari aambiwe bila kuficha miti shamba yote ambayo mgonjwa amekunywa.

Ugumu mwingine ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa na magonjwa yote mawili, na watu hao si wachache. Aidha, yapo mambo mengine yanayofanana nayo: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mirungi, bangi, pombe, na hata baadhi ya dawa za kawaida kama prednisoloni, ambayo kwa watu fulani huleta msisimko mkubwa au huzuni. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha baipola au ADHD. Vipimo ambavyo daktari huagiza ni vya kuondoa uwezekano wa magonjwa mengine. Kwa sababu hiyo, anayekutangazia mashine inayopima ADHD kwa dakika kumi anakuuzia kitu ambacho sayansi haijakitengeneza bado.

Dawa, na hapa ndipo penye hatari

Baipola hutibiwa hasa kwa dawa za kusawazisha hisia, kama lithiamu na valproeti ya sodiamu, na kwa baadhi ya dawa zinazotumika kwa magonjwa mazito ya akili. ADHD, inapohitaji dawa, mara nyingi hutibiwa kwa vichangamshi vya ubongo, na kinachojulikana zaidi ni methilfenideti. Kichangamshi kikipewa mtu mwenye baipola ambayo haijadhibitiwa kinaweza kumsukuma kwenye mania.

Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima zaidi ya 2,300 wenye baipola walioanza kutumia methilfenideti. Wale waliotumia bila dawa ya kusawazisha hisia walikabiliwa na hatari ya mania zaidi ya mara 6 katika miezi 3 ya kwanza, ikilinganishwa na kabla ya kuianza. Waliokuwa tayari wanatumia dawa ya kusawazisha hisia hawakupata ongezeko hilo. Maana yake kwa mtumiaji ni kwamba dawa ileile yaweza kumsaidia mtu na yaweza kumletea maafa, na kinachoamua ni utambuzi wa ugonjwa na mpangilio wa tiba. Muuza duka aliye nyuma ya kaunta hawezi kuliona hilo kwa macho.

Dawa za sonona nazo zina hadithi kama hiyo. Mwenye baipola mara nyingi huenda hospitali akiwa katika huzuni, kwa sababu wakati wa msisimko hujiona mzima kuliko watu wote. Daktari asipoambiwa habari za vipindi vya msisimko vilivyopita, anaweza kuandika dawa ya sonona peke yake, na dawa hiyo kwa baadhi ya wagonjwa huwasha mania. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa asingoje kuulizwa. Alitaje lile tukio la mwaka juzi ambalo familia iliamua kutolizungumzia tena.

Kwa wale ambao tayari wameandikiwa dawa, yapo mambo ambayo hatuoni yakielezwa vya kutosha wakati dawa inapotolewa.

Lithiamu imekuwa ikitumika tangu daktari John Cade wa Australia alipochapisha matokeo yake mwaka 1949, na hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazopunguza hatari ya mgonjwa wa baipola kujiua. Lakini pengo kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru ni dogo. Mtumiaji hupimwa kiwango cha dawa katika damu, pamoja na figo na tezi ya shingo, kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Kuharisha, kutapika, kutokwa jasho jingi au kuacha chumvi ghafla huweza kupandisha kiwango hicho. Vivyo hivyo diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wengi hununua kwa maumivu ya mgongo bila kufikiri mara mbili. Mwenye kutumia lithiamu amwambie mfamasia kabla ya kununua dawa yoyote ya maumivu, na anayekusudia kufunga Ramadhani aonane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Mikono ikitetemeka sana, ulimi ukiwa mzito, mwendo ukayumba, au kutapika na kuharisha kukaanza, hiyo ni dharura, na asimeze dozi nyingine kabla ya kumwona mtaalamu.

Valproeti ni habari nyingine, na tunaomba kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aisome aya hii. Mama akiitumia wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na takriban 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kama kuchelewa kusema na kutembea. Mwanamke anayepewa dawa hii ana haki ya kuelezwa hayo kabla, na kupewa njia madhubuti ya uzazi wa mpango au dawa mbadala. Aliyekwisha kuianza asiiache ghafla kwa hofu, hasa kama anaitumia kwa kifafa. Aende kliniki haraka iwezekanavyo apangiwe upya.

Kabamazepini, ambayo pia hutumika kwa baipola, hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Hupunguza pia kiwango cha dolutegraviri mwilini, dawa iliyomo katika mchanganyiko wa ARV unaotumiwa na watu wengi nchini. Kliniki mbili zinazomhudumia mtu mmoja lazima zijue kila moja imeandika nini, na njia nyepesi ni mgonjwa kubeba makasha yote ya dawa zake kila anapokwenda kliniki yoyote.

Methilfenideti, kwa upande wake, hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hupunguza hamu ya kula na huchelewesha usingizi. Mtoto anayeitumia hupimwa uzito na urefu katika kila mahudhurio, na watoto wa chini ya miaka 6 kwa kawaida hawaanzishiwi. Kwao mafunzo kwa wazazi na walimu hutangulia. Dawa hii imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na ndiyo maana hutolewa kwa cheti cha daktari na kuwekewa kumbukumbu. Maduka ya Dawa Muhimu hayana idhini ya kuiuza. Anayekuletea "kwa bodaboda mpaka mlangoni" bila cheti anavunja sheria, na wewe huna njia ya kujua kilichomo ndani ya kidonge hicho.

Kuhusu madodoso ya mtandaoni

Dodoso linalosambazwa zaidi kwa watu wazima lina maswali 6, na liliandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ni chombo kizuri kikitumiwa kwa kazi yake, ambayo ni kuonyesha nani anafaa kuchunguzwa zaidi. Linauliza juu ya miezi 6 iliyopita. Haliulizi utoto wako, wala haliulizi kama hali hiyo huja na kuondoka. Mtu aliye katika mania, au aliyetoka kwenye sonona, anaweza kujibu "mara nyingi" katika karibu kila swali. Akipata alama za juu, kilichothibitika ni kwamba anahitaji kuonana na mtaalamu.

Wafanyabiashara wanalifahamu jambo hili. Baadhi ya kurasa hutoa dodoso bila malipo, na chini ya matokeo huweka kitufe cha kununulia virutubisho vya "kuongeza umakini". Anayekupima na kukuuzia katika dakika hiyohiyo ana maslahi katika jibu lako.

Kujiandaa kwenda hospitali

Safari huanzia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako mgonjwa huandikiwa rufaa. Madaktari bingwa wa afya ya akili wanapatikana katika hospitali kubwa za rufaa, zikiwemo Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Ni wachache ukilinganisha na mahitaji, na muda utakaopewa pengine utakuwa mfupi. Afadhali uende umejiandaa.

Tafuta ripoti za zamani za shule ya msingi. Maoni ya mwalimu wa darasa, kama "ana akili lakini hatulii", yaliyoandikwa mtoto akiwa na miaka 8, yana uzito mkubwa kuliko kumbukumbu ya mtu mzima aliyekwisha kuamua ana ugonjwa gani. Ripoti zikiwa zimepotea, nenda na mama, shangazi au yeyote aliyekulea. Nunua daftari dogo, na kwa wiki tatu au nne andika kila jioni saa ulizolala, hali ya hisia kwa neno moja, fedha ulizotumia nje ya mpango, na ulichokunywa au kutafuna, ukiwemo mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Wanawake waandike pia siku za hedhi. Waulize wazee kama katika ukoo yupo aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, kifafa, au aliyejiua; magonjwa yote mawili hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na maswali haya, ingawa ni mazito kuyauliza, daktari atayauliza vilevile.

Kuandaa daftari kusimcheleweshe mtu aliye hatarini. Anayezungumzia kutaka kufa, asiyelala kwa siku kadhaa huku nguvu zikizidi, au anayesikia sauti zinazomwamuru, apelekwe katika kituo cha karibu siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani zifungiwe.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza jina la ugonjwa anaoudhania na sababu zake, jina halisi la dawa pamoja na jina la biashara, vipimo vinavyohitajika, na dalili zinazopaswa kukurudisha kabla ya tarehe. Daktari akisema kwamba bado hana uhakika na anataka kukuona tena baada ya mwezi, usidhani umepoteza nauli. Magonjwa haya hutofautishwa kwa kutazama muda, na wakati mwingine mwezi mmoja wa kungoja ndio kipimo chenyewe.

Dukani, nunua katika famasi iliyosajiliwa, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, dai risiti, na usikubali vidonge vilivyohesabiwa katika karatasi isiyo na maandishi. Baada ya kuanza dawa, ukiona usingizi unapotea, maneno yanaongezeka au hasira inapanda isivyo kawaida, rudi kwa aliyekuandikia ukiwa na kasha lake. Mwombe pia ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa. Wewe mwenyewe waweza kutoa taarifa hiyo kwetu moja kwa moja, bila malipo, na namba ya toleo iliyo kwenye kasha ndiyo itakayotuwezesha kufuatilia dawa hiyo ilikotoka. Kwa hiyo kasha lisitupwe mpaka dozi iishe.